Ndoto Nilizomsingizia Mama Josephina

Mama Basil, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanigombeza, kwa sababu mwanzo wake unachekesha kidogo na hata mimi nilicheka, lakini sasa sicheki tena, na Ijumaa hii kuna mtu atapoteza bahati yake kwa sababu ya mdomo wangu. Majina nimeyabadilisha, ila mambo yenyewe ni haya haya.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na mtoto mmoja, Queen, na ni msimamizi wa kikundi cha kubangua korosho hapa Mkunya. Tuko kumi na tisa, wanawake kumi na saba, mimi, na mzee Ashiru anayezichemsha korosho kwenye pipa la mvuke. Usimamizi huu sikuuomba. Aliyekuwa msimamizi ni mama mmoja tuliyemwita Mama Josephina, mtu wa maneno machache, ambaye akiinua uso tu kutoka kwenye mashine yake chumba kizima kinakaa sawa. Mimi nilikuwa wa kufunga magunia, kurekebisha mashine zikikwama na kuchekesha watu. Alipofariki mwaka jana mwezi wa sita, wanachama wakakaa kikao wakasema Baba Queen ndiye aliyekuwa karibu naye, basi ashike yeye, nami nikakubali kwa sababu nilishindwa kukataa, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, Mama Basil, mimi siwezi kumwambia mtu hapana huku namtazama machoni.

Basi haikupita hata mwezi, Flora na Dorika wakagombania kiti cha marehemu. Kiti chenyewe ni cha kawaida tu, ila kiko dirishani, na anayekaa pale anaona vizuri ganda na kokwa. Dorika alisema yeye ameanza kazi mapema kuliko wote, Flora alisema macho yake yanamsumbua, wakafikia kutosalimiana, na Jumatatu moja asubuhi, ukungu umejaa mpaka tumewasha taa saa tatu, wote wakaacha kazi wakanigeukia mimi niamue. Nilikuwa nimesimama katikati yao na bisibisi mkononi. Nikajisikia nasema, kwa sauti ya taratibu ambayo si yangu, kwamba jana usiku nimemwota Mama Josephina, amesema kiti akae Flora.

Sikuwa nimeota chochote. Lakini ungewaona! Dorika mwenyewe aliinuka, akakipangusa kiti kwa khanga yake, akamwambia mwenzake kaa mama. Mzee Ashiru akasoma fatiha palepale mlangoni. Na mimi nikawa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Tangu siku hiyo ndoto ikawa dawa yangu. Kina mama wakiacha kupaka mafuta mikononi, utomvu wa ganda ukawababua, naota. Wakichelewa siku za gulio, naota. Wakishinda na simu, nikaota amechukia simu, yaani Mama Josephina, ambaye simu kubwa hakujua hata kuiwasha, nikamfanya akataze WhatsApp. Ili waamini nikawa naongeza ya kuongeza, kwamba alivaa khanga ya bluu, kwamba alisimama kwenye mikorosho iliyotoa maua, ukungu unamfika magotini, anaongea polepole kama mtu aliyeshiba usingizi, na nyuma yake bonde lote jeupe hata mto hauonekani. Mwishowe hakuna aliyeanza kazi asubuhi kabla ya kuniuliza, Baba Queen, umelalaje?

Sitakuficha, nilizipenda zile asubuhi. Harufu ya maua ya mikorosho inaingia dirishani pamoja na ubaridi, mashine zote zimesimama, watu wamekunja mikono mapajani wananisikiliza mimi, na mle ndani tunamhisi kabisa, kama ametoka nje kidogo kunawa mikono na atarudi sasa hivi. Kuna siku nilimaliza kusimulia nikajikuta nami nautazama mlango. Flora alipeleka jina la marehemu kanisani likaombewa. Dorika kila Jumatatu anaweka unga wa mtama kidogo wa tambiko chini ya kile kiti. Mke wangu peke yake ndiye aliyeniuliza, mume wangu, wewe usiku kucha unajigeuza tu, hizo ndoto unaziota saa ngapi? Nikajifanya sikumsikia.

Sasa nifike kwa Josephina mwenyewe. Ana miaka ishirini na minne, ni mtoto pekee wa marehemu, na katika kuchambua korosho kwa rangi na ukubwa hakuna wa kumfikia. Mwezi huu kikundi chetu kimepewa nafasi moja ya mafunzo Mtwara, miezi sita, ya kupima ubora wa korosho na kuendesha mashine za kisasa. Wote walijua ni ya Josephina. Akaja na fomu yake, akaniamkia, akaniuliza niende? Nami nikaona akiondoka kazi ya kuchambua itayumba, na zaidi ya hapo, na hili nalisema kwako tu, niliona akirudi atakuwa anajua kuliko mimi. Nikamwambia mama yako amenijia, amesema msimu huu usiende kwanza.

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aliikunja fomu mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akasema sawa, kama ni mama, akarudi kwenye meza yake.

Siku ya tatu akaja tena, wenzake wameshatoka. Akasimama pembeni ya magunia, hanitazami, akasema, "Baba Queen, ukimwota tena, nnaomba umuulize kama amenisamehe. Siku ile sikuwahi."

Mama Basil, nikueleze ili uelewe. Mama yake alipougua, Josephina alikuwa Lisekese kwa shangazi yake, kwenye ngoma ya kumtoa mwali. Aliondoka mama ana homa ndogo tu, na mama mwenyewe ndiye aliyemhimiza aende. Jumamosi jioni hali ikabadilika, nikampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali Newala, na njiani alinishika shati akaniambia Josephina asipigiwe simu mpaka kesho, maana akisikia atapanda pikipiki usiku huu huu na ukungu huu, dereva ataniulia mtoto mlimani. Basi sikupiga. Usiku ule akafariki, nikapiga alfajiri, na binti alipofika alikuta mama ameshafunikwa. Wapo waliosema kwenye msiba kwamba mama anakata roho mtoto yuko ngomani. Yale maneno ya kwenye bajaji sijamwambia mtu mpaka leo, kwa sababu wangeniuliza wewe nani mpaka usimwite mtoto wa mtu. Lakini hayo nimeyagusia tu, siyo swali langu.

Swali langu ni hili. Nimefikiri nitoe ndoto moja ya mwisho. Niseme Mama Josephina amekuja, amecheka, amesema binti yangu aende Mtwara, nimemsamehe yote, na mimi sasa naondoka, msinisubiri tena. Josephina ataenda na moyo baridi, kikundi kitafurahi, nami sitaota tena, naapa. Nani ataumia hapo? Ningeshaisimulia tangu juzi, ila wiki iliyopita nilimwota kweli.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani. Ukungu umeingia mpaka ndani, sioni meza wala watu, nasikia tu mashine yake inabana ganda, inaachia, inabana, inaachia. Nikasema shikamoo mama. Hakuitika. Nikasubiri muda mrefu sana. Kisha akainua uso, akanitazama vile alivyokuwa akitutazama, nikaamka shati limelowa. Ndoto hii moja ya kweli sijaweza kumsimulia mtu yeyote.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Nisaidie, mama yangu. Niote mara ya mwisho?

Baba Queen, Mkunya

*

Marahaba, Baba Queen. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nilicheka ulipomfanya marehemu akataze WhatsApp, halafu nikavua miwani.

Jibu ni hapana. Usiote.

Na hayo majina uliyoyabadilisha, mwanangu, vikundi vya korosho vyenye kiti cha marehemu dirishani viko vingapi huko Mkunya? Barua yako na jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Kwa hiyo una siku mbili na nusu za kusema mwenyewe kabla kina mama hawajasomeana mezani.

Nianze na lililo jema, maana lipo. Flora ni kweli haoni vizuri. Mikono isiyopakwa mafuta ni kweli inababuka. Ukiondoa hili la Josephina, kila ulichokiamua mwaka huu ulikiamua kwa haki, na ndiyo maana nimekuhurumia kuliko nilivyotaka. Una akili ya kusimamia watu, ukaipata hukumu njema kwa kichwa chako, kisha ukaikabidhi kwa mtu aliyelala kaburini ili wewe usionekane mwenye nayo. Kina mama kumi na saba wanadhani wanaongozwa na Mama Josephina. Wewe hawajakutana nawe bado.

Usidhani nakusema kama mtakatifu. Nilikuwa mwalimu mkuu, shule moja upande wa Chiwata, miaka yangu ya mwanzo, na nilikuwa na ndoto yangu nami. Yangu iliitwa wilayani. Mwalimu akiomba ruhusa nisiyotaka kumpa, wilayani wamekataa. Nikitaka waje Jumamosi, wilayani wameagiza. Nikipendwa ni mimi, nikichukiwa ni wilayani. Hadi siku afisa alipokuja kweli, akanywa chai, na mwalimu mmoja mpole sana, Nikolao, akasimama akamwomba kwa adabu atuondolee ile amri ya Jumamosi. Yule baba akauliza amri gani? Walimu kumi na mmoja wakanigeukia. Hakuna aliyenitukana, Baba Queen, na hilo ndilo lililoniuma. Kuanzia siku hiyo hata nikisema kesho ni Jumatano walikuwa wanaangalia kalenda. Ilinichukua miaka miwili kuaminiwa tena, nikianza na vitu vidogo, nikisema hapana, nimekataa mimi, sababu ni hii, na kama nimekosea nionyesheni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi ni ndefu, na wewe itabidi uitembee.

Sasa nikugombeze. Ndoto ya kiti ilikuwa woga. Ndoto ya kumzuia binti asiende Mtwara haikuwa woga peke yake. Ulimwona anakuzidi, ukachukua sauti ya mama yake ukaifunga nayo njia. Hilo liite jina lake usiku ukilala, usilibembeleze. Halafu unaniuliza kwenye ndoto ya mwisho nani ataumia! Siku atakapojua, na atajua, atautupa ule msamaha pamoja na uongo wako, na atakuwa amefiwa mara ya pili. Na asipojua, kila penye njia panda atatafuta mtu wa kumwotea. Ndicho unachotaka kumwachia mtoto wa mwenzio?

Fanya hivi. Kesho Jumanne, jua likiwa juu, nenda nyumbani kwake, siyo kazini. Nenda na mkeo, ambaye naona ndiye mwenye akili humo ndani. Kaeni chini. Mwambie ndoto zote ulitunga, ukianza na ya kwake. Usiseme shetani alinipitia. Shetani hakuwepo, ulikuwepo wewe. Usilie kabla yake, akaacha machozi yake akaanza kufuta yako. Mwambie ulimzuia kwa sababu uliogopa atakupita, na kwamba wewe msimamizi unasema aende, kisha uijaze sehemu yako ya fomu mbele yake, utie saini. Akirudi anajua kuliko wewe, kaa akufundishe. Kikundi chenye msimamizi anayefundishika hakijafa bado.

Jumatano asubuhi watakuuliza umelalaje. Usiziache mashine zianze. Wajibu kwamba hukulala, na sababu yake. Watakasirika. Dorika anaweza kukitaka kiti, na hapo ndipo utakapoanza kazi ya usimamizi uliyopewa mwaka jana. Mtazame machoni, umwambie hapana, kiti ni cha Flora, nimeamua mimi. Wakisema hawakutaki, wape funguo bila kununa urudi kwenye magunia, maana kuaminiwa hakudaiwi. Wakikubali kukupa muda, usiwachekeshe siku hiyo. Mzee Ashiru mwambie fatiha zake hazikupotea, na jina lililosomwa kanisani halikupotea. Waliomba kweli, wewe ndiye uliyedanganya.

Najua utazikosa zile asubuhi. Ulizieleza vizuri mpaka nami nikazinusa. Kama mnamkumbuka mama yule, mkumbukeni kwa kweli, kila mtu aseme alichomwona akifanya kwa mikono yake, mkiwa mmekaa hivyo hivyo ukungu ukiingia dirishani. Hilo halihitaji kutungwa.

Nimeliacha moja, kwa sababu wewe nawe uliliacha, ukasema siyo swali lako. Josephina anataka kujua kama mama yake amemsamehe kwa kutowahi. Baba Queen, hakuchelewa. Mama yake ndiye aliyekataza asiitwe. Akiwa mgonjwa, kwenye bajaji, alichowaza ni mtoto asije akaanguka mlimani kwa ajili yake. Umelikalia neno hilo mwaka mzima ili usilaumiwe, ukamwacha binti abebe maneno ya msibani peke yake, huku unamtungia marehemu mambo ya simu. Kesho, ukishamaliza kukiri, mwambie hilo, neno kwa neno, na jinsi alivyokushika shati. Anaweza kukulaumu kwa kutopiga simu. Pokea lawama hiyo, ni yako.

Mimi si mfasiri wa ndoto. Lakini umeniuliza bila kuuliza kwa nini yule wa kweli hakuitika wala hakusema neno. Angesema nini tena? La kwake alishakwambia, wewe ukiwa macho, ili umfikishie mwanawe asubuhi. Bado anasubiri umfikishie.

Mama Basil